Lucien wa Kwenye Kisahani

Katika maabara ya Profesa Zwicker, seli zilizokufa zilizikwa kwa heshima zote. Heshima zenyewe zilikuwa hivi: mwenye msiba alinunua donati za watu wote, kisha Gus Beaton alipanda juu ya kiti, akavua kofia yake ya timu ya hoki, akakunja uso kama askofu mwenye kiungulia, na kutoa hotuba.

"Ndugu wafiwa," alikuwa akisema, "marehemu walizaliwa kwenye plastiki, wakaishi kwenye plastiki, na wakafa kwa uzembe wa Catriona. Hawakumsengenya mtu. Hawakuazima kalamu ya mtu wasirudishe. Za chokoleti ziko kushoto."

Catriona MacIsaac alikuwa amezika mara nyingi. Alikuwa mtaalamu wa kukuza seli, mwenye shahada ya udaktari wa sayansi na mikono iliyokaushwa na spiriti, na alitoka kisiwa cha Cape Breton, huko Kanada, kama Gus, ndiyo maana Gus alimwita binamu. Watu wa Cape Breton wote ni mabinamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, alivuka ukungu wa mji wa Halifax kuja kulisha seli, kwa maana seli hazijui sikukuu. Ukizinyima chakula siku moja zinasusa, na seli ikisusa ujue imekufa.

Seli alizozipenda kuliko zote, ingawa mtaalamu hapaswi kupenda bali kupima, zilikuwa za Lucien d'Entremont.

Lucien alikuwa mtoto wa miaka saba kutoka kijiji cha Pubnico, kule kusini kabisa, ambako nusu ya watu wanaitwa d'Entremont na nusu nyingine wameoa huko. Kifafa kilimshika akiwa bado ananyonya. Hakikuletwa na homa wala kuanguka. Alizaliwa nacho ndani ya jeni, kosa dogo kiasi kwamba lingekuwa kwenye insha mwalimu asingeliona. Dawa zilijaribiwa juu yake moja baada ya nyingine. Moja ilimlaza mchana kutwa, nyingine ilimfanya ang'ate watu, na kifafa kikabaki palepale kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini haondoki.

Ndipo maabara ikamwomba kipande cha ngozi ya mkono, kisichozidi punje ya dengu. Ngozi hiyo ilibembelezwa kwa dawa mpaka ikasahau kwamba ni ngozi. Ikarudi utotoni, ikawa seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini maishani, kama kidato cha kwanza wiki ya kwanza bwenini. Kisha Catriona akazilea, akazielekeza, akazisihi, na baada ya miezi zikawa seli za ubongo. Zilikaa kwenye kisahani chenye vijiwaya sakafuni, na vijiwaya vilisikiliza umeme wao na kuuchora kwenye skrini. Wazo lilikuwa la busara na la huruma: dawa zimtese Lucien wa kwenye kisahani, yule wa Pubnico apumzike.

Gus naye alikuwa na ugonjwa wake usio na tiba. Hakuweza kuona kifaa kimenyamaza akakiacha kinyamaze. Asubuhi moja ya Novemba aliunganisha kisahani cha Lucien na spika, akaificha spika chini ya kiti cha Catriona, akajifanya anasoma.

Catriona alipokaa, kitu chini yake kilianza kudonoa. Tone moja. Tone jingine. Kisha mengi kwa pamoja, kama mtu aliyerusha konzi ya mchele juu ya bati. Kisha kimya. Aliruka hata kahawa ikafika darini.

"Gus! Mwana wa shetani wewe!"

"Hujambo, binamu," Gus alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mtoto wako amejifunza kuongea."

Walicheka wote wawili. Lakini sauti iliendelea, tone, tone, konzi ya mchele, kimya, na kicheko chao kikapungua chenyewe bila mtu kukipunguza.

"Ni kama inangoja kitu," Catriona alisema.

"Ni umeme tu. Hata kibaniko cha mkate kina umeme, na hakingoji kitu."

Hata hivyo hakuna aliyeizima spika siku ile, wala siku iliyofuata.

Kabla ya mwezi kwisha, Lucien mwenyewe alikuja. Alikuwa na miadi hospitalini, ng'ambo ya daraja la vioo lililounganisha majengo mawili, na mama yake akampitisha maabara kusalimia, kama familia nyingi zilivyofanya. Mama huyo, Odile, alikuwa dereva wa basi la shule, mwenye sauti ya kunyamazisha viti vya nyuma. Alibeba bakuli la râpure, ile pai ya viazi vya kukunwa na kuku ambayo kwa macho ni gundi na kwa ulimi ni sikukuu. Chakula ni marufuku ndani ya maabara, kwa hiyo waliila kwenye korido wakiwa wima.

"We Gus, bado hujaoa?" Odile aliuliza.

"Nangoja seli zikue."

"Zikikua zitakukataa, mwanangu. Zina akili hizo, ni za Pubnico."

Lucien hakula. Alikuwa amevaa kofia yake laini ya kumkinga akianguka, amesimama mlangoni mwa maabara, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama kuku anayesikiliza mwewe. Ndani, spika ilikuwa ikidonoa. Lucien aliinua kidole akagonga fremu ya mlango mara moja. Spika ikarusha konzi yake ya mchele. Akasubiri. Akagonga tena. Ikarusha tena.

Catriona alishusha sahani yake.

Mtoto hakuwa akiifuata sauti. Alitangulia, sauti ikafuata.

"Amekariri mdundo," Gus alinong'ona. Lakini hapakuwa na mdundo wa kukariri. Mara mapumziko yalikuwa marefu, mara mafupi, hayakuwa na mpangilio wowote.

Catriona, aliyesomeshwa asiamini mambo ya namna hiyo, alifanya alichofundishwa. Alijaribu upya. Aliizima spika, akaigeuza skrini itazame ukuta, akaenda kusimama peke yake kati ya skrini na ukuta. Kule mlangoni Lucien aligonga. Mbele ya macho ya Catriona mistari yote ya skrini iliruka pamoja. Kimya kirefu. Lucien akagonga, mistari ikaruka.

Alimwendea, akapiga magoti mbele yake.

"Lucien, nani yuko kule?"

"Mimi."

"Si wewe uko hapa?"

"Mimi wa kule."

"Anafanya nini?"

"Anabisha hodi." Mtoto alisema kama anayemzungumzia jirani. "Hakuna anayemkaribisha."

"Kwa nini asiite?"

Lucien alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima asiyejua mambo. "Hana mdomo."

Odile alicheka, akamvuta mwanawe kifuani. "Maneno yake hayo! Juzi alisema friji yetu ina huzuni." Lakini alipokuwa akimfunga zipu ya koti, aliutazama mlango wa maabara mara mbili.

Tangu siku hiyo Catriona alibadilika katika jambo moja dogo, na hakumwambia mtu. Asubuhi, alipokitoa kisahani cha Lucien kwenye kabati la joto, ambamo seli hulelewa, na kukifunua akipe chakula, alianza kuvuma kwa pua. Kisha akaanza kuimba, wimbo wa bibi yake wa zamani, ule ambao wanawake wa Cape Breton waliuimba wakiipiga sufu mezani mpaka ilainike. Barakoa inaharibu wimbo, kwa hiyo aliishusha hadi kidevuni. Na alipokuwa akiimba, seli zilinyamaza. Hazikufa wala hazikulala. Zilinyamaza kama darasa linavyonyamaza hadithi inapokuwa tamu. Alipomaliza, zilisubiri kidogo, kisha zikabisha hodi.

Mtu akikueleza kwamba daktari wa sayansi alisimama pale akajibu "nakusikia", usibishane naye.

Kila baada ya muda maabara ilipima seli zake zote kutafuta vijidudu fulani vidogo mno, visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, vinavyoingia kimyakimya na kuharibu kila kipimo. Majibu ya Desemba yalipotoka, Profesa Zwicker aliwaita wote. Alikuwa mwanamke mrefu wa mji wa Lunenburg, mwenye tabia ya kutangaza misiba kama anayesoma ratiba ya feri.

"Kabati la joto la kwanza limeingiliwa," alisema. "Ni aina ya vijidudu inayoishi vinywani mwa watu. Kuna mtu amekuwa akizungumza juu ya visahani vilivyo wazi."

Macho yote yalimgeukia Gus, kwa sababu zinazoeleweka.

"Jamani!" Gus alilia. "Naapa kwa kaburi la mama yangu!"

"Mama yako alinipigia simu jana," Profesa alisema.

"Ni mimi," Catriona alisema. "Nilikuwa naimba."

Profesa Zwicker alivua miwani. "Uliimba nini?"

"Wimbo wa bibi yangu."

"Basi bibi yako ametumalizia kabati zima. Vyote vilivyomo vimwagiwe jiki kabla ya chakula cha mchana. Vyote, Catriona. Ng'ambo ya ukuta kuna kabati la pili, na ndani yake kuna watoto wa watu."

"Donati zitahitajika nyingi," Gus alinong'ona, lakini alipouona uso wa Catriona akafunga mdomo.

Jiki haina huruma na haichagui. Unaimwaga, chakula chekundu cha seli kinageuka manjano, kisha kinakuwa cheupe, na kwisha. Catriona alivimwagia visahani vingine vyote mkono ukiwa thabiti. Kilipobaki kimoja, cha Lucien, mkono ulikataa.

Alikibeba. Alifika nacho hadi kwenye lifti, kwani chini kabisa ya jengo palikuwa na kabati kuukuu la joto ambalo hakuna aliyelikumbuka. Alibonyeza kitufe. Lifti ikaja, mlango ukafunguka, na akaziona glavu zake mwenyewe zimeshika kisahani. Vijidudu vinatembea kwa glavu, kwa vitasa, kwa vitufe vya lifti. Aliwafikiria watoto wa kabati la pili, ambao mama zao nao waliwashika mikono siku ya kukatwa ngozi. Mlango ukafunguka na kujifunga, ukafunguka na kujifunga, mpaka Gus akaja kumchukua.

"Binamu. Unafanya nini?"

Alimwambia yote. Gus hakucheka, jambo lililomtisha Catriona kuliko kama angecheka.

"Sikiliza," alisema. "Kisahani kinadunda mchana kutwa. Mtoto naye anagonga mchana kutwa. Watu wawili wakipiga ngoma mji mmoja, lazima kuna mahali watakutana."

"Najua."

"Kwa hiyo nikimwaga, hakuna kitakachompata Lucien."

"Hakuna."

"Sasa kwa nini hukiachi?"

"Kirudishe mahali pake, kiunganishe na spika, nipigie simu," Catriona alisema. "Shika chupa. Usimwage mpaka niseme." Akavua glavu na kuelekea kwenye daraja la vioo.

Wiki ile Lucien alikuwa amelazwa upande wa pili ili ubongo wake upimwe usiku na mchana. Ukungu ulikuwa umelizunguka daraja pande zote, hata Catriona alipokuwa katikati hakuona hospitali mbele wala maabara nyuma. Alitembea kama mtu anayetembea ndani ya maziwa. Mfukoni simu yake iliita. Aliipokea, na bila Gus kusema neno akaisikia sauti: tone, tone, konzi ya mchele.

Lucien alikuwa kitandani, kichwa kimefungwa bandeji nyeupe, nyaya zimetoka kisogoni kama mkia wa farasi na kuingia kwenye mashine. Kando ya kitanda skrini ilichora mawimbi yake. Odile alikuwa akimenya chungwa.

"Haya, daktari! Umekuja kutuibia chungwa?" Kisha akamtazama vizuri. "Kuna nini?"

Catriona hakutafuta njia ya mzunguko. Alieleza kwamba seli za Lucien zimeingiliwa, kwamba kosa ni lake, kwamba lazima ziuawe leo, na kwamba ipo akiba ya seli zake kwenye baridi kali, wataanza upya.

"Basi ueni," Odile alisema. "Umekuja mwenyewe kwa jambo hilo?" Kisu kikasimama katikati ya ganda. "Niambie kama daktari. Itamdhuru mwanangu?"

"Kama daktari, hapana. Haiwezekani."

"Na kama Catriona?"

Catriona alitazama sakafu. "Kama Catriona, nilitaka niwe hapa."

Odile aliweka chungwa chini. Alipanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia mwanawe kutoka nyuma, kama anayejiandaa kwa kona kali. "Basi kaa hapa," alisema.

Lucien alikuwa amesikia yote, kama watoto wanavyosikia. "Anaumwa?"

"Anaumwa," Catriona alisema. "Nilimwambukiza mimi. Inabidi tumzime."

Mtoto alifikiri. "Asizimwe akiwa nje," alisema. "Ngoja kwanza nimkaribishe."

Kabla mtu hajauliza, aligonga chuma cha kitanda kwa kidole. Kwenye simu, mchele ukamwagika juu ya bati. Akagonga tena, ukamwagika tena, karibu zaidi. Akawa anagonga kwa kasi, na sauti ikamfuata kwa kasi, mpaka katikati yao hapakubaki nafasi ya kupitisha pumzi.

"Karibu," Lucien alisema, taratibu, kama mtu aliyepewa malezi mema. "Ingia."

Simu ikanyamaza.

"Binamu." Sauti ya Gus ilikuwa nyembamba. "Kimezima."

"Umemwaga?"

"Chupa bado ina kifuniko. Mistari yote imelala. Yote. Sijagusa kitu, Cat, sijagusa kitu."

Hakuwa amemwita Cat tangu wajuane.

Lucien alikuwa ametulia mikononi mwa mama yake, macho wazi. Odile alikuwa akimpapasa shingo, mikono, kifua, akitafuta ule mshtuko anaoujua vizuri kuliko jina lake. Haukuja. Lakini kwenye skrini ya kando ya kitanda, ndani ya mawimbi mapana ya mtoto, kona moja ilianza kudonoa. Tone. Tone. Kisha konzi nzima kwa pamoja. Kisha kimya.

Muuguzi aliyepita aliona, akasema waya umelegea, akaubana. Kona ikaendelea kudonoa. Akaubadilisha waya. Ikaendelea. Akakuna kichwa, akasema atamwita fundi, akaenda zake kwa hatua za haraka kuliko kawaida.

"Nimwage?" Gus aliuliza kwenye simu.

Catriona alimtazama Odile. Odile, midomo ikiwa ndani ya nywele chache zilizotokeza kwenye bandeji, akaitikia kwa kichwa.

"Mwaga."

Walisikia kioevu kikishuka. Walisikia Gus akivuta pumzi. Catriona alikuwa amemshika Lucien mguu juu ya blanketi, akingoja, na mguu ulikuwa na joto, na ukaendelea kuwa na joto. Mtoto alipiga chafya. Akaomba chungwa.

Odile alilia kwa sauti, kilio cha kucheka, akamlisha vipande viwili viwili mpaka maji yakamtiririka kidevuni. Catriona naye alikaa kwenye kiti cha wageni, akajiambia maneno yote ambayo Gus angejiambia: ngoma mbili mji mmoja, waya umelegea, seli zilizoingiliwa hunyamaza wakati wowote. Yote yalikuwa kweli. Aliyapanga vizuri moja juu ya jingine. Kwenye skrini, ile kona iliendelea na kazi yake.

"Unajisikiaje, mpenzi?" Odile aliuliza.

"Tumebanana kidogo," Lucien alisema, mdomo umejaa. "Lakini amefurahi. Kumbe chungwa ni tamu."

Mkono wa Odile ulibaki hewani na kipande.

Lucien akamgeukia Catriona. "Ulisema ipo akiba. Wako wengine?"

Catriona hakuwahi kumdanganya mgonjwa. Alilifikiria tangi la naitrojeni ya kugandishia seli, nyuma ya maabara, moshi wake mweupe unaotambaa sakafuni linapofunguliwa, na vichupa vidogo vilivyopangwa ndani yake, safu baada ya safu, vyote vya mtoto huyu mmoja.

"Wapo," alisema. "Wamelala."

"Hawajalala," Lucien alisema. "Wana baridi."

Akaifuta mikono yake kwenye shuka, akajivuta kuelekea ukutani, akakunja magoti, na kuacha nafasi kitandani, kama afanyavyo mtoto aliyeambiwa kwamba mabinamu wanakuja kulala. Odile aliinua ukingo wa blanketi asijue anamfunikia nani. Aliitazama ile nafasi, kisha akamtazama Catriona.

Lucien akasogea tena.